Saa isiyosoma wakati: simu za Lucky Summer na kazi ya kupatana na mnara

Mama aliyenitangulia kwenye kibanda cha fundi wa simu, hapa Lucky Summer, alikuwa na shida moja. Simu yake ilimponyoka kwenye ngazi za fleti. Kioo hakikupasuka, simu inawaka, kamera inapiga picha, lakini netiweki haishiki. Laini ameshaibadilisha mara mbili. Na laini hiyohiyo akiitia kwenye kabambe ya mwanawe, ile simu ndogo ya tochi, netiweki inajaa.

Fundi aliifungua, akaiinamia kwa dakika kadhaa.

"Saa ya ndani imeharibika, mama."

"Saa? Mbona saa inaenda vizuri? Tazama, saa kumi na dakika tano."

"Si hiyo ya kusomea wakati, mama. Ni hii hapa."

Akatuonyesha kwa ncha ya kibano. Chini ya lenzi yake kulikuwa na kijisanduku cha chuma kinachong'aa, kifupi kuliko punje ya mchele, kimebandikwa kwenye bodi kando ya chipu ya redio. Ndani yake mna kipande chembamba cha kwatzi, jiwe ambalo likipewa umeme hutetema kwa kasi isiyobadilika sana. Katika simu nyingi za miaka ya nyuma jiwe hilo hutetema mara milioni 26 kwa sekunde. Katika nyingi za siku hizi ni mara milioni 38.4. Kila kitu ambacho simu inafanya hewani kinahesabiwa kutoka kwenye mtetemo huo.

"Haijafa," fundi akaeleza. "Ingekufa, simu isingewaka. Imekengeuka tu. Inatafuta mnara mahali ambapo mnara haupo."

Akaiyeyusha risasi kwa hewa moto, akakitoa kijisanduku, akaweka kingine alichokichomoa kutoka simu mfu ya aina ileile. Kufikia saa kumi na moja kasorobo, yule mama alikuwa anampigia dadake.

Nimeishi Eastlands miaka mingi, na nimesikia malalamiko ya netiweki kwa kila namna. Iko juu, iko chini, imepotea, imerudi. Sote tunaitazama ile ngazi ya vijiti pembeni mwa kioo na kuamini kwamba vijiti vikijaa mambo ni sawa. Vijiti hivyo hupima nguvu tu. Havisemi lolote kuhusu kupatana, yaani kama saa iliyo ndani ya simu yako na saa iliyo kwenye mnara zinakwenda kwa mwendo mmoja. Na katika mtaa uliobanana kama huu wetu, katika wadi hii ya eneobunge la Ruaraka iliyo jirani na Baba Dogo na Korogocho, ghorofa imeegemea ghorofa na kila chumba kina simu mbili tatu, kupatana huko ndiko kazi kubwa ambayo mtandao hufanya usiku na mchana bila mtu kuiona. Wahandisi wanaiita kusahihisha mkengeuko wa masafa. Naamini kila anayeshika simu anastahili kuielewa, kwa maana si uchawi. Ukiifuata hatua kwa hatua, inaeleweka.

Tuanze na kosa lenyewe. Hakuna mawe mawili ya kwatzi yanayotetema sawasawa kabisa. Tofauti hupimwa kwa sehemu kwa milioni. Saa ya mkononi yenye kosa la sehemu 20 kwa milioni hupoteza takriban sekunde 1.7 kwa siku, na mwenyewe wala hajui. Jiwe zuri la simu, lile lenye kifaa cha kufidia joto, hukosea kama sehemu 2 kwa milioni, sawa na sekunde moja kila baada ya siku sita. Joto nalo lina neno lake: simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya matatu adhuhuri haitetemi kama ilivyotetema kwenye baridi ya asubuhi ya Julai.

Sekunde moja kwa siku sita inasikika kama si kitu. Lakini simu hulizidisha jiwe lake mpaka lifikie masafa ya mnara, na kosa nalo linazidishwa pamoja. Chukua mtandao wa 4G kwenye megahezi 1,800. Kosa la sehemu 2 kwa milioni linakuwa Hezi 3,600, yaani mitetemo 3,600 kwa sekunde. Hapo shida inaanza.

Wazee wetu waliijua shida hii kwa vidole. Aliyewahi kukaa karibu na redio ya mbao, babu akitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza 1957, anakumbuka jinsi mkono ulivyozungusha kitufe taratibu, ukapita, ukarudi, mpaka sauti ikanyooka. Kuna walioijua zaidi ya hapo. Kuanzia miaka ya 1960, Madaktari Warukao wa AMREF walikuwa na mtandao wa redio za masafa mafupi uliounganisha uwanja wa ndege wa Wilson na hospitali za misheni zilizokuwa mbali na barabara na simu. Redio za namna hiyo huokoa umeme kwa kutotuma wimbi lenyewe la kubebea sauti. Mpokeaji hujitengenezea lake. Likitofautiana na la mtumaji kwa Hezi mia moja au mia mbili tu, daktari anasikika kama bata. Basi mwenye redio hushika kitufe, akazungusha kidogokidogo, bata akageuka kuwa mtu anayeeleza habari za mgonjwa. Mkengeuko wa masafa ulisahihishwa kwa sikio na kidole.

Simu haina kidole cha kuzungusha kitufe, na kazi yake ni ngumu mara nyingi zaidi, kwa sababu ya namna 4G inavyogawa hewa. Wazo hilo lilitolewa na Robert Chang wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1966, na leo linajulikana kwa herufi OFDM. Badala ya kutuma ujumbe wote juu ya wimbi moja pana, unaukatakata na kuutuma juu ya mawimbi mengi membamba kwa wakati mmoja. Mnara wa 4G wenye upana wa megahezi 20 hutumia mawimbi membamba 1,200, kila moja likiwa kilohezi 15 kutoka kwa mwenzake.

Na mawimbi hayo yamepandana, kama mabati ya paa. Hakuna nafasi iliyoachwa kati ya moja na lingine. Ila yamepangwa kwa hesabu, kiasi kwamba pale ambapo wimbi moja liko kileleni, mengine yote yako sifuri. Mpokeaji akipima palepale, anapata wimbi hilo peke yake. Ndiyo maana hewa inatosha watu wengi. Lakini bati moja likisogea, mvua inaingia chumba cha jirani. Simu yenye kosa la Hezi 3,600 imesogea karibu robo ya nafasi kati ya wimbi na wimbi. Ukipiga hesabu, takriban asilimia 18 ya nguvu yake inavuja na kuwa kelele kwenye njia za wengine. Vijiti vinaweza kuwa vimejaa, na ujumbe usisomeke.

Dawa yake ni ishara elekezi, ambazo mafundi wa minara huziita pailoti. Hizi ni ishara zisizobeba ujumbe wa mtu yeyote. Zinajulikana mapema na pande zote mbili, zimeandikwa kwenye kanuni, na kila simu iliyotoka kiwandani inazijua kwa moyo. Mnara unazituma mfululizo kwa kila anayesikia, na simu, ikijua ilichopaswa kusikia, inalinganisha na ilichosikia. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo kosa la saa yake.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa macho. Jirani yangu, kijana anayesomea uhandisi, ana kijiti cha USB cha bei ya chini kilichotengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni, ambacho mafundi wa dunia nzima wamekigeuza kuwa redio ya kusikiliza karibu masafa yoyote. Jioni moja tulipanda nacho juu ya paa, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji, tukakichomeka kwenye kompyuta yake. Kwenye kioo, mawimbi ya minara yalitokea kama mistari ya rangi inayoteremka. Kisha akafungua programu huria iitwayo kalibrate na kuielekeza kwenye masafa ya 2G, karibu na megahezi 940.

Hatukusikiliza simu ya mtu, na programu hiyo haiwezi. Inachotafuta ni mlio mmoja. Kila mnara wa 2G, pale penye njia yake ya matangazo, hurudia tena na tena kipande kifupi cha wimbi lililo safi kabisa, kilohezi 67.7 juu ya katikati ya njia. Hakina neno, hakina namba. Kimewekwa hapo na waliotunga kanuni za GSM kwa kazi moja, kwamba kila simu ikikisikia ijinyooshe. Kabambe za mtaa huu, zile za tochi, zinakisikiliza sasa hivi unaposoma.

Programu ilikipata, ikatuambia kijiti chetu kimekengeuka takriban sehemu 50 kwa milioni. Katika masafa yale, hiyo ni kama kilohezi 47. Kijana akaniambia nisubiri. Nusu saa baadaye, kijiti kikiwa kimepata moto mkononi, alipima tena, na namba ilikuwa imehama. Jiwe limepashwa joto, limebadili mwendo. Mnara haukubadilika. Kanuni zinautaka mnara mkubwa usikosee zaidi ya sehemu 0.05 kwa milioni, sawa na sekunde moja kwa miezi saba na nusu hivi, na minara mingi hupata wakati wake kutoka satelaiti za GPS. Nilikaa pale juu nikitazama taa za Baba Dogo, nikafikiri juu ya simu zote zilizo chini yetu ambazo zilikuwa zinafanya hivyohivyo, bila kuombwa.

Lakini mlio unasomwaje mpaka ukawa namba? Mwaka 1994 Paul Moose, mhandisi wa Marekani, alichapisha njia ambayo ukiielewa hutaisahau. Tuma kipande kilekile mara mbili, kimoja nyuma ya kingine. Saa mbili zikipatana, vipande vinafika vikiwa sawa. Zisipopatana, cha pili kinafika kimezunguka, kama mshale wa saa uliosogea. Pima pembe ya mzunguko, gawanya kwa muda uliopita kati ya vipande, umepata mkengeuko. Huhitaji kujua njia ilikuwaje, kama kuna ukuta au mabati katikati, kwa maana vyote viwili vimepita njia ileile.

Ruta ya Wi-Fi iliyo kwenye korido ya ploti yako hufanya hivyo kila inapofungua kinywa. Kabla ya ujumbe, inatuma kipande kifupi kilichorudiwa mara kumi, kila kimoja maikrosekunde 0.8. Tuseme saa ya ruta na ya simu yako zinatofautiana kwa sehemu 20 kwa milioni. Kwenye gigahezi 2.4, hiyo ni kilohezi 48, na kila kipande kinafika kimezunguka takriban nyuzi 14 kuliko kilichotangulia. Kisha vinakuja vipande vyenye urefu mara nne ya huo, na hapo mzunguko ni kama nyuzi 55, pembe kubwa inayopimika kwa usahihi zaidi.

Kwa nini isiwe virefu tangu mwanzo? Kwa sababu mshale ukizunguka zaidi ya nusu duara hujui tena ulikoelekea. Nyuzi 190 mbele na nyuzi 170 nyuma ni mahali pamoja. Vipande vifupi hukupa makisio ambayo hayawezi kukudanganya, virefu vikasafisha. Timothy Schmidl na Donald Cox waliiimarisha mbinu ya vipande viwili mwaka 1997, wakaonyesha namna ya kupata mwanzo wa ujumbe na mkengeuko wake kwa pamoja. Na baada ya hapo, ujumbe ukiendelea kwenye mawimbi membamba 52 ya Wi-Fi ya kawaida, manne kati yake hayabebi ujumbe. Yanaendelea kutuma pailoti hadi mwisho ili makosa madogo yaliyobaki yasijikusanye.

Mpaka hapa nimeeleza upande rahisi: mmoja anasema, wengi wanasikiliza, kila mmoja anajirekebisha kivyake. Ugumu wenyewe uko kwenye safari ya kurudi.

Fikiria Jumamosi, saa mbili usiku. Kwenye fleti moja, kijana anapandisha video. Chumba cha pili, msichana yuko kwenye darasa la mtandaoni na kamera imewashwa. Chini langoni, mwanabodaboda anapokea oda. Mnara umewagawia kila mmoja fungu lake la mawimbi membamba, kumi na mawili kumi na mawili, na wote wanatuma kwa wakati mmoja. Kwenye antena ya mnara hawafiki kama watu watatu. Wanafika kama kitu kimoja kilichochanganyika, na kila mmoja ndani yake ana saa yake. Wa kwanza amekengeuka Hezi 700 juu, wa pili 400 chini, wa tatu anahama kwa sababu ndiyo kwanza ameondoka na pikipiki.

Mnara ufanyeje? Ukiuteremsha mchanganyiko wote kwa Hezi 700, wa kwanza ananyooka, lakini wa pili sasa amekengeuka Hezi 1,100. Ukimnyoosha huyu, unampinda yule. Hakuna mzunguko mmoja wa kitufe unaowatosha wote. Redio ya babu ilikuwa na stesheni moja kwa wakati. Mnara una mamia ya stesheni ndogo zilizopandana kama mabati, kila moja na kitufe chake.

Watafiti waliishughulikia shida hii kwa miaka mingi. Mwaka 2007, Michele Morelli wa Chuo Kikuu cha Pisa, pamoja na C.-C. Jay Kuo na Man-On Pun, walikusanya mbinu zilizokuwepo katika makala ndefu ambayo wanafunzi wa fani hii bado wanaisoma. Nyingi zinaubebesha mnara mzigo: umpime kila mtu, ukadirie amevuja kiasi gani kwa jirani zake, uutoe uvujaji huo, upime tena, urudie. Kwenye karatasi hesabu inafanya kazi. Lakini kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo mzigo unavyopanda, na Lucky Summer watu hawapungui.

Suluhisho lililoshinda ndilo la kwaya. Mitaa yetu ina kwaya nyingi, na yeyote aliyewahi kuhudhuria mazoezi Jumamosi mchana ameliona. Mwalimu hangoji watu arobaini waimbe kila mtu na lake kisha aanze kurekebisha sauti zilizokwisha kutoka. Anagonga noti kwenye kinanda. Kila mwimbaji anaisikiliza, anaivuta sauti yake ndani kwa ndani, anapofungua kinywa tayari yuko mahali pake. Marekebisho yamefanyika kooni kabla ya wimbo.

Ndivyo kanuni za 4G zinavyoamuru. Simu hairuhusiwi kutuma kabla ya kusikiliza pailoti za mnara na kujinyoosha, na ikishajinyoosha, masafa yake yasitofautiane na yale inayosikia kutoka mnarani kwa zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni. Kwenye megahezi 1,800 hiyo ni Hezi 180, kidogo zaidi ya asilimia moja ya nafasi kati ya wimbi na wimbi. Kumbuka uvujaji wa asilimia 18 wa simu isiyojinyoosha. Sasa umeshuka hadi kama sehemu tano kwa elfu kumi. Kwangu mimi hii ndiyo kanuni nzuri kuliko zote katika mtandao mzima. Mnara hauhitaji kujua jiwe la nani limetengenezwa wapi, la nani limepata joto, la nani lilianguka kwenye ngazi. Kila mmoja anabeba marekebisho yake mwenyewe.

Hata hivyo, kuna kosa ambalo kusikiliza hakuliondoi, bali hulifanya liwe maradufu. Panda matatu kwenye Outer Ring Road, ikiwa na bahati ya barabara tupu na inakwenda kilomita 60 kwa saa kuelekea mnara. Umewahi kusikia king'ora cha ambulensi kikipanda kinapokukaribia na kushuka kinapopita. Christian Doppler alilieleza hilo mwaka 1842. Simu yako iliyo ndani ya matatu inausikia mnara ukiwa juu kwa Hezi 100 kuliko ulivyo. Inadhani saa yake ndiyo iliyochelewa, inajipandisha Hezi 100. Inapojibu, mwendo wa matatu unaipandisha tena Hezi 100. Mnara unapokea Hezi 200 juu, ilhali simu imefanya kila ilichoamriwa.

Hapo ndipo pailoti za simu zenyewe zinapoingia. Kwenye njia ya kupanda ya 4G, ile ya kutoka simu kwenda mnara, katika kila vipande saba vya muda, cha katikati hakibebi ujumbe. Ni pailoti ya mwenye fungu. Viwili vinavyofuatana vimeachana kwa nusu ya milisekunde. Hezi 200 kwa nusu ya milisekunde ni sehemu ya kumi ya duara, nyuzi 36. Mnara unaisoma pembe hiyo kwa abiria huyu, unaunyoosha ujumbe wake yeye peke yake, na hapohapo unasoma pembe nyingine kwa msichana aliyetulia chumbani, ambaye pembe yake ni karibu sifuri. Abiria wa Madaraka Express, treni iliyoanza safari 2017 na kufikia kilomita 120 kwa saa, pembe yake ni nyuzi 72. Mnara bado unamudu, kwani nusu duara haijafika.

Siku hizi minara yenye antena nyingi huwapa watu wawili fungu lilelile la mawimbi kwa wakati uleule na kuwatofautisha kwa mahali walipo. Kwa hao, pailoti lazima zisigongane. Zinatungwa kutokana na mfuatano wa namba wenye majina ya Solomon Zadoff na David Chu, ambao una sifa ya pekee: ukiuzungusha kama shanga kwenye kamba, ule uliozungushwa na ule wa mwanzo haichanganyiki. Basi wote wawili wanapewa mfuatano mmoja, kila mtu anaanzia shanga yake. Mnara unawatenganisha kwanza, kisha unamnyoosha kila mmoja kwa pembe yake. Ukianza kunyoosha kabla ya kutenganisha, umerudi kulekule: ukimnyoosha huyu, unampinda yule.

Wi-Fi ilichelewa kufika hapa. Kwa miaka mingi vifaa vyake vilisubiriana zamu, anayesema ni mmoja, kwa hiyo mkengeuko ni wa mmoja. Kwenda polepole kwa Wi-Fi nyingi za ploti jioni ni foleni tu. Kanuni za Wi-Fi 6, zilizopitishwa 2021, ziliruhusu wengi waseme pamoja, na mara moja zikalazimika kuchukua desturi ya kwaya: ruta inatoa tangazo, kila kifaa kinapima mkengeuko wake kutokana na tangazo hilo, kinajinyoosha, na kinaporudisha jibu kisibaki na kosa zaidi ya Hezi 350. Starlink, iliyofika Kenya Julai 2023, ina kazi nzito kuliko zote. Satelaiti zake zinapita mamia ya kilomita juu yetu kwa kasi ya zaidi ya kilomita saba kwa sekunde, na mkengeuko unaweza kuzidi kilohezi 200. Lakini njia ya satelaiti inajulikana mapema, kwa hiyo sehemu kubwa ya kosa huondolewa kabla ya kutokea.

Yote haya yana gharama. Kipande kimoja kati ya saba, asilimia 14 ya muda wa njia ya kupanda, kinatumika kwa ishara zisizobeba neno la mtu. Hazikatwi kwenye bando lako, lakini ni hewa ambayo ingebeba ujumbe. Na kadiri watu wanavyorundikwa kwenye fungu moja ndivyo pailoti zinavyohitaji nafasi zaidi. Katika 5G mnara unaweza kuongeza pailoti kwa anayekwenda mbio na kumpunguzia aliyetulia. Huo ni uamuzi wa haki, na ningependa kuona wahandisi wetu wakiwa miongoni mwa wanaoandika uamuzi kama huo, si kuufunga tu kwenye minara baada ya wengine kuuandika. Walimu wa vyuo vya ufundi vya Nairobi, wapelekeni vijana juu ya paa na kijiti cha USB. Wataona kwa jioni moja kile ambacho kitabu kinakieleza kwa kurasa arobaini.

Na wewe msomaji, simu yako ikianguka, ikawaka vizuri lakini ikakataa netiweki, usikimbilie kubadilisha laini kama yule mama. Ijaribu kwanza laini yako kwenye simu nyingine. Ikishika huko, mpelekee fundi simu yako, mwambie aanze na kile kijisanduku cha chuma kando ya chipu ya redio, na akikibadilisha aweke cha aina ileile, kwa maana cha milioni 26 hakifanyi kazi ya cha milioni 38.4.